Uzi: Kutoa ekseli ya nyuma ya Land Rover 109 na kufunga Salisbury ya skrepa. Wenye uzoefu Dodoma njooni

mkulima_Farkwa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Land Rover 109, Series IIA, springi zile za vyuma bapa vilivyopangana. Gari ya misheni hiyo, bodi bado nzima, chesis nimeigonga nyundo yote haina sehemu laini. Injini yake ya petroli ya 2.25 ilishatoka siku nyingi, ndani kuna TD27 ya Nissan. Kazi yake ni shamba: mbegu na mafuta ya trekta kwenda Farkwa, magunia ya alizeti kurudi mjini.

Tatizo ni shafti za nyuma. Pale kwenye mchanga wa makorongo yanayoshuka Mto Bubu, gari ikiwa na mzigo, tairi linazunguka bure, linashika ghafla, unasikia "taa!" moja. Baada ya hapo injini inanguruma na gari imesimama kama haikuhusu. Ukivuta shafti nje unakuta imekatika palepale pa siku zote, kwenye meno yanayoingia difu, ile seti ya gia katikati ya ekseli. Ni shafti zenye meno 10, wanaojua habari zake wanazijua.

Sasa kuna yadi ya vyuma chakavu upande wa Kizota nimekuta Salisbury mbili, ile ekseli yenye kitumbo kikubwa cha duara na kifuniko nyuma. Moja iko chini ya mzoga wa 109 Series III, ina kutu, imejaa tope kavu, springi bado zimo. Ya pili imetoka kwenye 110, imeshashushwa, imeoshwa, inang'aa, drami zake safi, na muuzaji anaitaja kwa bei ya chini kuliko ile yenye kutu. Moyo wangu uko kwenye hiyo ya 110.

Maswali: zote zitakaa kwenye gari yangu? Nikague nini kabla sijatoa hela? Na propela shafti, ile ndefu ya kutoka gia boksi hadi ekseli, itakuwaje?

ngoja_waje

Nimeweka kigoda siti ya mbele.

Prado_Area_D

Mkuu uza hiyo kitu kwa kilo, nunua Toyota. Watu wa Land Rover mnateseka halafu mnaita mapenzi.

mkulima_Farkwa

Mkuu, Toyota ya kubeba magunia yale kwenye njia ile nitainunua na hela gani? Niacheni na mzee wangu.

fundi_Nzuguni

Mleta uzi, kabla hujaenda mbali: usinunue ile ya 110. Nitakueleza kwa nini, na utanisamehe kwa urefu.

Kwanza tuelewane Salisbury ni nini. Muundo wake unatoka Marekani, ni ndugu wa Dana 60, ile ya magari ya mizigo ya kule. Ikatengenezwa Uingereza na Land Rover wakaifunga nyuma ya magari yao marefu. Shafti zake ni nene, zina meno 24 upande wa difu, krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, ni kubwa kuliko ya ekseli ya Rover uliyonayo. Kwa kazi yako inatosha na inabaki. Kwa hiyo wazo lako ni sahihi, hapo sina ubishi.

Sasa njoo kwenye reshio. Gari yako mbele ina difu ya Rover ya 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja. Salisbury ya 109 nayo ni 4.7. Ya 110 ni 3.54. Na transfa ya gari yako, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, haina difu ya katikati kama ya 110. Ukiweka fowili, yaani tairi zote nne zivute, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawasawa. Mbele inataka 4.7, nyuma inataka 3.54, barabara ni moja. Hapo ama tairi liteleze, ama chuma kiachie. Kwenye mchanga unaweza usione haraka, ila ukipanda jabali au ukisahau kutoa fowili ukifika lami, utaokota vipande.

La pili ni upana. Kutoka kati ya tairi hadi kati ya tairi, ekseli yako ni milimita 1308. Ya 110 ni 1486. Maana yake kila upande tairi linatoka nje karibu sentimita 9. Nyuma pana, mbele nyembamba. Kwenye tope la mbuga za Bahi tairi za nyuma hazipiti kwenye njia iliyokanyagwa na za mbele, kila moja inachimba yake. Na trafiki wa kwanza utakayekutana naye atataka maelezo.

La tatu ni makalio ya springi. 110 ina koili. Juu ya ile ekseli kuna masikio ya kushikia mikono ya koili, na hakuna mahali pa springi bapa kukalia. Itabidi ukate masikio yote, uchomelee makalio mapya, kwa pembe ambayo pua ya difu itaangalia transfa vizuri. Ukikosea pembe, propela inatetemeka na kroosi, yaani viungo vya propela, zinakufa. Na kuchomelea bomba la ekseli kwa pupa kunalipinda, hata mchomeleaji akiwa mzuri. Inafanyika, watu wameifanya. Lakini piga hesabu ya welda, mchongaji na muda wa gari kulala gereji, uone kama ile bei nafuu bado ni nafuu.

Hiyo yenye kutu chini ya mzoga ndiyo ya kwako. Upana uleule, reshio ileile, makalio ya springi yanakaa palepale. Kutu ya nje ya ekseli ni sura tu.

mkulima_Farkwa

Fundi, umenikata maini. Ila nimekuelewa. Hakuna namna ya kuweka 3.54 na mbele pia? Nimesikia watu wanafanya ili gari ikimbie lami.

fundi_Nzuguni

Ipo. Difu za zamani za Range Rover na Discovery za 3.54 zenye meno 10 zinaingia kwenye hauzingi yako ya mbele bila kukata kitu. Gari inakuwa ndefu kwa theluthi moja kila gia. Lami ya Dodoma kwenda Singida utafurahi, injini itapumua. Ukifika mchangani na magunia, ile gia ya kwanza ya chini uliyozoea haipo tena, na klachi ndiyo italipa. Kwa mtu anayetembea lami zaidi, sawa. Wewe wa Farkwa baki na 4.7.

chuma_hakiozi

Mimi napinga kidogo. Kwa nini asinunue shafti imara za kuagiza, za meno 10 zilezile lakini chuma kizuri, akaacha ekseli yake? Uzito hauongezeki na difu haishuki chini. Salisbury ni nzito kama zege na kitumbo chake kinakwangua kila jiwe. Hapa Kondoa njia za milimani unakiona kabisa kinapiga.

fundi_Nzuguni

Hoja yako ina uzito, na kwa mtu wa Kondoa mwenye gari tupu ningemwambia hivyohivyo. Difu ya Rover ina faida nyingine pia: unafungua nati zake mbele, unaivuta nje nzima, unaipeleka mezani. Salisbury huwezi. Krauni inatokea nyuma kwenye kifuniko, hauzingi inabidi itanuliwe na kifaa ili beringi zitoke, na marekebisho yote ya shimu, vile vibati vyembamba vya kupangia nafasi, unafanya umelala chini ya gari. Ndiyo maana nasema Salisbury ya skrepa inayolia usiinunue kwa matumaini ya kuitengeneza.

Lakini kwa shafti imara kwenye difu ya Rover, unahamisha tatizo tu. Shafti haikatiki, basi zile gia ndogo za ndani ya difu, ambazo ni mbili tu, ndizo zinabeba. Na TD27 na magunia si mzigo uliofikiriwa na waliochora difu ile. Injini yake ya asili ya 2.25, sentimita za ujazo 2286, haikuwa na misuli hiyo.

Binti_Hombolo

Samahani kuingilia uzi, kaka zangu. Mimi nina ile fupi, 88, nabebea zabibu. Salisbury ya 109 inaingia?

fundi_Nzuguni

Dada, inaingia, upana ni uleule. Ila mambo mawili: propela yako itabidi ikatwe fupi kwa sababu pua ya Salisbury ni ndefu, na 88 tayari propela yake ya nyuma ni fupi, utaona inavyosimama wima ukiinua springi. Pili breki. Drami zako ni za inchi 10, za 109 ni 11. Nyuma itashika zaidi kuliko mbele, na hiyo kwenye kokoto ni hatari, mkia unakutangulia. Ukiweka ya 109 nyuma, tafuta na breki za inchi 11 za mbele, na uiangalie master silinda. Kwa zabibu za Hombolo kwenda mjini sidhani kama unahitaji. Je, unakata shafti?

Binti_Hombolo

Hapana, sijawahi. Nilivutiwa tu na uzi.

fundi_Nzuguni

Basi iache ilale.

mkulima_Farkwa

Fundi, nipe sasa namna ya kuikagua pale yadi. Yule muuzaji hapendi mtu afungue vitu.

fundi_Nzuguni

Mwambie usipofungua hununui. Nenda na chombo cha kumwagia oili, spana, sumaku na tochi. Na usiende na hiyo Land Rover yako. Nenda na bodaboda, uulizie "chuma kile". Ukiingia getini na 109, bei inabadilika kabla hujashuka.

Fungua plagi ya chini kidogo kwanza. Yakitangulia maji, au oili ikawa nyeupe kama maziwa, ilishakunywa maji ya korongo. Si mwisho wa dunia ikiwa ni juzi, lakini ikiwa imekaa hivyo miaka beringi zina madoa ya kutu. Kisha toa kifuniko cha nyuma, boliti 10. Angalia meno ya krauni kwa tochi ukiizungusha taratibu. Gari lililokaa miaka bila kutembea huwa na mstari wa kutu pale oili inapoishia, meno ya juu yamekaa kwenye hewa. Ukipitisha kucha ikakwama kwenye mashimo, itaimba barabarani, achana nayo. Rangi tu ya kahawia inayofutika kwa kitambaa haina shida. Pitisha sumaku chini: unga laini wa kijivu ni kawaida, kipande chenye pembe si kawaida.

Shika flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu, ipandishe na kuishusha. Plei ya kuzunguka kidogo ni lazima iwepo. Plei ya kupanda na kushuka maana yake beringi ya pinioni imekwisha.

Reshio usiamini mdomo wa mtu. Upande mmoja wa habu, yaani kitovu cha tairi, uzuie na kipande cha mbao usizunguke, upande wa pili uzungushe mizunguko miwili kamili, huku umeweka alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni na mwenzako anahesabu. Ikitoka karibu mizunguko mitano kasoro robo, hiyo ni 4.7. Ikitoka mitatu na nusu, hiyo ni 3.54. Usisahau ni mizunguko miwili ya habu, kwa sababu upande mmoja umezuiwa. Wengi hapa ndipo wanapobishana bure.

Mwisho toa shafti zote mbili, boliti sita kila upande, haihitaji kutoa hata tairi. Meno yawe yamenyooka. Yakiwa yamejisokota kama mkanda, shafti hiyo imeshavutwa kupita kiasi, itakatika kwako. Na ndani ya habu, pale sili inapokaa kwenye stabu, ile ncha ya ekseli inayobeba habu, ukikuta mfereji umechimbika, oili itaingia kwenye breki hata ukiweka sili mpya.

Halafu hili ni muhimu kuliko yote: usinunue ekseli peke yake. Ng'oa na propela yake ya nyuma, yu-bolti zake (zile za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), sahani zake za chini na mabomba ya breki. Bomba la Salisbury ni nene, yu-bolti zako za sasa hazitazunguka. Na propela ya mzoga ule ni ya urefu wa Salisbury tayari, inakwepa safari nzima ya kwa mchongaji.

Prado_Area_D

Nimesoma yote. Nakiri mnajua. Bado Toyota.

mstaafu_wa_STK

Niongeze neno, vijana. Magari haya tumeyaendesha serikalini enzi hizo Dodoma lami ikiishia mjini. Shafti nyingi hazikatwi na mzigo, zinakatwa na mguu. Dereva anaingia korongoni akiwa kwenye tu-wili, gari inaanza kuzama, anakanyaga, tairi linaruka ruka, ndipo anakumbuka fowili. Ile kitufe ya njano ya fowili ibonyeze ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Ukiona kina, ile lever nyekundu ya gia za chini irudishe ukiwa umesimama, uingie na gia ya pili ya chini, mguu mmoja hadi ng'ambo. Tairi likianza kuruka ruka, toa mguu, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe.

Na upepo punguza. Tairi 7.50 za mrija usizishushe sana kama vijana wa tubeless. Tairi likiteleza kwenye ringi linakata valvu. Mimi nilikuwa naishia pauni 18 hivi, na pampu ipo nyuma.

mkulima_Farkwa

Mzee shikamoo. Hilo la kubonyeza mapema nimelichukua.

mstaafu_wa_STK

Marahaba. Na ukikata njiani usiite breki dauni. Gari hii habu zake zinabeba uzito zenyewe, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Toa shafti iliyokatika, rudisha flenji peke yake ili vumbi lisiingie, funga fowili, kama una loki za habu mbele zifunge pia, rudi nyumbani unavutwa na mbele. Hata lami unapita, maana nyuma haina nguvu ya kugombana na mbele. Kipande kilichobaki ndani ya difu kitoe kwa sumaku ndefu, usikiache kikacheze ndani.

Ila sikilizeni: breki ya mkono ya gari hii haiko kwenye tairi. Iko nyuma ya transfa, inashika propela. Shafti ikikatika, au ukitoa propela, hiyo breki haishiki tena tairi za nyuma. Hata gari ikiwa nzima, ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, difu inazungusha lile la hewani na gari inatembea. Weka mawe. Nimeshuhudia gari ikimshukia mtu.

chuma_hakiozi

Hii ya breki ya mkono ingepigwa muhuri ikabandikwa gereji zote.

mkulima_Farkwa

Wakuu, mrejesho.

Nimeenda kwa bodaboda kama nilivyoelekezwa. Ile ya 110 nilianza nayo kwa roho yangu tu: chaki, mbao, mizunguko miwili, ikatoka mitatu na nusu. Basi. Yule muuzaji akaniambia "zote ni sawa tu hizi." Ya mzoga ikatoka mitano kasoro. Oili ilikuwa nyeusi nzito, inanuka, haina maji. Meno yana rangi ya kahawia upande mmoja, nimefuta na tambara yakabaki meupe, kucha haikwami. Shafti za meno 24 ukiziweka pembeni ya zangu, unajionea huruma kwa hela ulizotupa.

Tumeng'oa kila kitu: propela, sahani, mabomba. Yu-bolti tulizikata na moto, hazikufunguka, nimechongesha mpya. Nimedai risiti na nikaandika namba ya chesis ya ule mzoga, kesho asije mtu akasema chuma changu. Kuibeba ni watu wanne na kelele nyingi.

Kufunga hakukuwa na maajabu. Tumesimamisha chesis kwenye stendi juu ya mbao maana ardhi pale ni tifutifu, jeki ikabaki kubeba ekseli tu. Ya zamani ikatoka, hii ikaingia kwa toroli, makalio yakakaa kwenye springi kama fundi alivyosema. Pini za katikati za springi zikaingia matunduni bila ubishi. Yu-bolti tumekaza mara ya mwisho gari ikiwa chini, imekalia tairi zake. Sili zote mpya, nati za habu tumekaza kwa ile boksi spana ya 52. Viatu vya breki vipya, silinda moja ya tairi ilikuwa imekwama tumebadilisha. Oili imekunywa karibu lita mbili na nusu za EP 90. Ile ya zamani ilikuwa haifiki mbili.

Picha nitaweka nikipata bando.

ngoja_waje

Uzi bila picha ni barua.

fundi_Nzuguni

Hongera. Kipumulio umekiangalia? Kile kidude kidogo juu ya bomba la ekseli. Kikiziba, ekseli ikipata moto hewa inatafuta njia, inasukuma oili kwenye sili hadi kwenye breki. Na ukiingia kwenye maji na ekseli ya moto, inapoa ghafla, inavuta maji ndani kupitia sili hizohizo. Gari iliyokaa yadi kipumulio chake huwa nyumba ya nyigu.

mkulima_Farkwa

Kilikuwa na tope gumu kabisa. Nimekiloweka kwenye mafuta ya taa, sasa kinapuliza.

Swali: kuna mvumo mdogo nikiwa mwendo wa kati, nikiachia mafuta. Nikikanyaga hausikiki. Nihofu?

fundi_Nzuguni

Ukiwa unakanyaga ndio unalia, au ukiachia?

mkulima_Farkwa

Ukiachia tu. Na si mkubwa, abiria hasikii.

fundi_Nzuguni

Difu ya zamani, meno yamezoeana na gari nyingine. Upande wa kuvuta ndio wenye kazi, na huo uko kimya. Kabla hujailaumu, hakikisha propela imefungwa macho ya kroosi yakiwa kwenye mstari mmoja, ncha kwa ncha. Ile propela ina meno ya kuteleza katikati. Mtu akiivuta ikachomoka na kuirudisha jino moja pembeni, inavuma hivyohivyo. Tembea kidogo, simama, shika kila habu na pua ya difu kwa mkono. Joto la kuvumilika ni sawa. Ukiondoa mkono kwa kasi, beringi imekazwa mno. Kisha yu-bolti zikazwe tena baada ya mzigo wa kwanza, springi huwa zinajipanga upya.

Na ujue sasa kinachofuata kukatika. Nyuma ni imara, basi nguvu itatafuta pengine: kroosi ya propela, au gia boksi. Tembea na kroosi mpya kwenye kisanduku. Kroosi ikikatika ushukuru, hiyo ni bei ya kuku. Gia boksi ya gari hiyo ikikatika jino ni habari nyingine, na TD27 haina huruma nayo. Kwa hiyo yale ya mzee kuhusu mguu bado yanakuhusu.

mkulima_Farkwa

Fundi umelenga. Jino moja pembeni. Nimefungua, nimepanga macho, mvumo umebaki kidogo mno, siuoni tena.

Jana tumepita Bubu na magunia. Njano ilibonyezwa mapema, pauni 18, gia ya pili ya chini. Tairi la nyuma kulia liliruka mara moja, nikaachia mafuta, nikarudi, nikapita. Kitu kimoja chuma_hakiozi alisema kweli: kitumbo kinakwangua. Kwenye yale mawe kabla ya mchanga sasa inabidi tairi likanyage jiwe lenyewe, huwezi tena kulipitisha katikati ya gari.

chuma_hakiozi

Nilisema. Chomelea bamba la chuma chini ya kifuniko. Kifuniko chenyewe ni bati tu, kikipondeka ndani kinagusa krauni, na gasketi inaanza kutoa jasho.

fundi_Nzuguni

Bamba sawa, ila uchomelee kifuniko kikiwa kimetolewa. Usichomelee gari ikiwa imefungwa, moto unaunguza sili na umeme unapita kwenye beringi.

Binti_Hombolo

Mkulima, ile ekseli yako ya zamani unaipeleka wapi? Difu yake nzima?

mkulima_Farkwa

Difu haijawahi kulia, dada. Shafti ndio zilikuwa zinakwisha. Ila siiuzi: difu ya mbele ya gari hii ni ileile, inaingia mbele na nyuma. Nimeifunga kwenye gunia na oili, ni spea ya mbele.

Binti_Hombolo

Na drami?

mkulima_Farkwa

Za inchi 11 hizo, zako ni 10. Shafti ndefu moja nzima ninayo, uliza fundi wako kama inalingana na ya 88, uje PM tuongee.